Mlio masikioni, hipnosi na dhamiri ya Mkatoliki



Swali la leo watu huliuliza kwa kunong'ona: Mkatoliki mwenye mlio masikioni, je, anaruhusiwa kutibiwa kwa hipnosi? Au ndiyo kumfungulia shetani mlango?

Kwanza mlio wenyewe. Mtu anasikia filimbi, au nyenje wa usiku, na wenzake hawasikii kitu. Mara nyingi kelele zimeumiza seli zenye vinyweleo ndani ya sikio (muziki wa disko, spika za masikioni, na spika za mikesha yetu tusizisahau), basi ubongo ukikosa sauti ulizozoea, unajiongezea wenyewe. Beethoven alikuwa na miaka 30 tu alipomwandikia rafiki yake daktari, mwaka 1801, kwamba masikio yake yanavuma usiku na mchana. Kwa hiyo jamani, tusikimbilie kusema ni pepo. Nenda kwa daktari wa masikio, na usikivu ukipungua ghafla usingoje hata kesho.

Mara nyingi hakuna dawa ya kuufuta mlio. Kinachotibika ni usumbufu wake: ubongo unauchukulia kama king'ora cha hatari, mwili unakaza, usingizi unakata, na kadiri unavyouhofia ndivyo unavyousikia zaidi. Ndiyo maana watu hufundishwa kupumua polepole, na kukaza na kulegeza misuli toka miguuni hadi shingoni. Hipnosi inapita njia hiyohiyo, ila inakwenda mbali kidogo: mtaalamu anakutuliza mpaka mawazo yakusanyike mahali pamoja, halafu anakuelekeza, tuseme, uiwazie sauti ile ikisogea mbali kama treni inayoondoka. Hulali, wala hugeuki mwanasesere kama wale wa maonyesho ya jukwaani. Niseme ukweli, ushahidi wake kwa mlio wa masikioni bado ni mdogo. Tiba ya mazungumzo inayobadilisha namna unavyouwazia mlio imethibitika zaidi.

Kanisa lilikuwa na hofu, na lilikuwa na sababu. Mwaka 1856 Ofisi Takatifu iliwaandikia maaskofu kukemea waliotumia mbinu za namna hiyo, wakati ule zikiitwa usumaku, kuita roho za wafu na kutafuta yaliyofichika. Lakini tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio XII, akiongea na madaktari wa ganzi na usingizi, alitofautisha: hipnosi si mchezo wa kila mtu, ila daktari akiitumia kutibu, kwa tahadhari za sayansi na maadili, si kosa kwa yenyewe. Hapohapo alieleza kwamba Mkristo halazimiki kuyataka maumivu kwa ajili ya maumivu tu.

Mimi naona uzito wote uko kwenye utashi. Mgonjwa anayechomwa sindano ya usingizi kwa ajili ya upasuaji anakabidhi fahamu zake zaidi ya huyu, na hatumhukumu. Basi jiulize: namkabidhi nani akili yangu, kwa lengo gani, na je, naweza kuinuka nikaondoka? Mtaalamu wa afya anayejulikana, sawa. Anayechanganya na mizimu, au na maisha uliyoishi eti kabla hujazaliwa, kimbia.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi ya hilo. Kijana mwenye mlio akiingia kuabudu Ekaristi, kimya kile ndicho kinachompandishia sauti. Anaacha kwenda, halafu anaanza kuamini kwamba hawezi kusali. Mtakatifu Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, haukuondolewa, na hakuna aliyesema hajui kusali. Ila tusichanganye: zoezi la kupumua ni dawa kama panadol, hata asiyeamini linamsaidia. Lifanye kabla ya kuingia kanisani, kisha uanze sala yako. Na ukiingia, kaa chini ya feni au karibu na dirisha, mahali zinaposikika bodaboda za nje. Sauti ndogo ya pembeni huupunguzia mlio ukali.