Shahidi Ndani ya Simu

Mike Johnson alichaguliwa kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani tarehe 25 Oktoba 2023, na haukupita muda watu wakaifukua video yake ya mwaka uliotangulia, akizungumza katika kanisa moja jimboni Louisiana. Humo alisimulia kwamba yeye na mwanawe, kijana wa miaka 17, wanatumia programu iitwayo Covenant Eyes. Programu hiyo hufuatilia yanayopita kwenye simu na kompyuta, kisha humpelekea mtu uliyemchagua ripoti ya kama umeangalia picha za ngono. Ripoti ya baba ilikwenda kwa mwana, na ya mwana ikaenda kwa baba. Mitandaoni watu walicheka. Wengine wakauliza, kwa haki kabisa, ni nani mwingine anayeweza kuyaona yanayopita kwenye vifaa vya kiongozi ambaye, rais na makamu wake wakiondoka, ndiye hushika nchi.

Kicheko kile kilifunika jambo zito. Wako watu wengi, wenye dini na wasio na dini, ambao wanaangalia ponografia na wanatamani kwa dhati kuacha. Wameweka nadhiri. Wamemaliza Ramadhani nzima au Kwaresima nzima bila kuangalia, na baada ya Idi au Pasaka wakajikuta palepale. Mtu wa namna hiyo anapomwomba mwenzake awe shahidi wake, hapo hapana cha kuchekwa. Pana cha kuulizwa: shahidi huyo aone nini, aone lini, na kwa ruhusa ya nani?

Swali lenyewe ni la kale. Katika kitabu cha pili cha Jamhuri, Plato anaileta hadithi ya mchungaji wa Lydia aliyepata pete ya kumfanya asionekane, akaitumia kumtongoza malkia na kumuua mfalme. Glaucon, anayeisimulia, anadai kwamba hakuna mtu ambaye angebaki mwadilifu akiwa na pete hiyo kidoleni. Simu janja usiku wa manane, mlango umefungwa na mke amelala, inaikaribia sana pete ile. Watengenezaji wa programu za kuwajibishana wamemwamini Glaucon: mvue mtu pete, atatulia.

Covenant Eyes ilianzishwa mwaka 2000 na Ron DeHaas jimboni Michigan. Jina lake limetoka sura ya 31 ya kitabu cha Ayubu, pale Ayubu anaposema amefanya agano na macho yake. Baadaye zikaja nyingine: X3watch, Accountable2You, Ever Accountable. Mwanzoni kazi ilikuwa nyepesi. Programu iliorodhesha anwani za tovuti ulizotembelea, ikazipa alama kulingana na uchafu wake, ikaituma orodha kwa mwenza uliyemchagua. Kisha tovuti zikaanza kuyafunga mawasiliano yao kwa usimbaji, na watu wakahamia kwenye programu za simu. Orodha ya anwani ikawa haisemi kitu, kwa kuwa jina la mtandao wa kijamii ni lilelile kwa anayesoma habari na kwa anayetazama watu walio uchi. Ndipo ikaja picha ya skrini. Simu hujipiga picha yenyewe mara kwa mara, akili mnemba huipima kila picha, na ile inayotiliwa shaka hutiwa ukungu na kupelekwa kwa mwenza.

Kila hatua ilikuwa na sababu yake ya kiufundi, na kila hatua ililipanua jicho. Picha ya skrini haichagui. Inabeba ujumbe wa M-Pesa, maneno ya dada mtu anayelalamikia ndoa yake kwenye WhatsApp, majibu ya vipimo vya mgonjwa ikiwa mwenye simu ni daktari. Dada yule na mgonjwa yule hawakufunga agano na mtu yeyote.

Lakini kuwajibishana hakukuanzia Michigan, na wahenga wa jambo hili walijiwekea mipaka ambayo wahandisi hawajaiangalia vya kutosha. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ulipowaagiza Wakristo waungame kwa padre wao walau mara moja kwa mwaka, uliagiza papo hapo kwamba padre atakayeitoa siri ya kitubio avuliwe upadre na kufungiwa monasterini atubu maisha yake yote. Siri ililindwa na adhabu iliyomlenga yule anayesikia. John Wesley naye, mwanzilishi wa Umethodisti, alipoandika kanuni za vikundi vyake vidogo Desemba 1738, aliweka sharti kwamba anayetaka kuingia aulizwe kwanza kama anataka kuambiwa makosa yake. Kisha katika kila mkutano mmoja wao aeleze hali ya nafsi yake mwenyewe kabla ya kuwauliza wengine. Hakuna aliyekaa pale kama mkaguzi.

Afrika Mashariki ina ushuhuda wake mwenyewe. Uamsho uliowaka Uganda na Rwanda miaka ya 1930, ukasambaa hadi Kenya na Tanganyika, uliwafundisha ndugu kutembea nuruni: mtu anasimama katika ushirika, anaitaja dhambi yake, wenzake wanaimba naye. Wengi waliacha pombe na zinaa kwa njia hiyo, na ndoa nyingi zikapona. Wazee wengi, hata hivyo, walikasirika, na hawakukosea katika yote. Anayeungama uzinzi mbele ya watu hajifichui yeye peke yake. Humfichua pia yule aliyezini naye, ambaye pengine yuko kijijini kwake na watoto na mume, wala hajaamua kutembea popote. Picha ya skrini imelirudia kosa hilohilo kwa mashine.

Upande wa Uislamu mpaka umechorwa kwa ukali zaidi. Surat An-Nur inawaamuru waumini wainamishe macho. Surat Al-Hujurat inawakataza kupelelezana. Mwanazuoni al-Ghazali, katika kitabu chake Ihya, anasimulia kisa cha Khalifa Umar aliyeukwea ukuta wa nyumba usiku na kumkuta mwenye nyumba katika maasi. Umar alipomkemea, yule mtu akamjibu kwamba yeye amemuasi Mungu kwa moja, na Khalifa amemuasi kwa matatu: amepeleleza, hakuingia kwa mlango, na hakubisha hodi wala kutoa salamu.  Umar akamwachia, akaondoka. Katika kitabu hichohicho al-Ghazali ana mafundisho marefu juu ya mtu kujichunga na kuihesabu nafsi yake akijua kwamba Mungu anamwona. Ukiyasoma pamoja na kisa cha Umar, jambo moja linajitokeza. Jicho la binadamu haliwezi kuliongezea lile la Mungu kitu chochote. Anachoweza kuleta binadamu ni kuketi nawe, kukusikiliza, na kukuuliza tena wiki ijayo.

Hapa ndipo programu hizi zilipopinda. Kwa padre, kwa vikundi vya Wesley na kwa ndugu wa uamsho, mdomo unaofunguka ni wa mwenye kosa. Kile kinachomponya, ikiwa kitamponya, kimo katika kule kusema kwake. Programu imekichukua kitendo hicho na kukifanya kwa niaba yake: inaungama kabla yake na kwa undani kuliko yeye, na yeye anafika mazungumzoni akiwa ameshakuwa mshtakiwa.

Na mshtakiwa hutafuta mlango wa nyuma. Josh Duggar, nyota wa zamani wa televisheni wa Marekani, alikuwa na Covenant Eyes kwenye kompyuta yake ya kazini. Katika kesi iliyomtia hatiani Desemba 2021 kwa kupakua picha za unyanyasaji wa watoto, mahakama ya Arkansas ilionyeshwa jinsi diski ilivyokuwa imegawanywa na kuwekewa mfumo wa Linux, ambako programu ile haikuona kitu. Hapana programu itakayomshika asiyetaka kushikwa. Kwa hiyo nguvu yake yote iko kwa anayetaka, na anayetaka hahitaji kupigwa picha mchana kutwa.

Jicho kubwa, hata hivyo, huwavuta wenye mamlaka. Jarida la WIRED liliripoti mwaka 2022 kuhusu kijana wa kanisa moja la California aliyewaambia viongozi wake kwamba anavutiwa na wanaume, akatakiwa aweke programu hiyo, na kiongozi aliyepokea ripoti akawa anamwandikia kumuuliza kuhusu alichokitazama. Baada ya uchunguzi huo, Google iliziondoa Covenant Eyes na Accountable2You kwenye duka lake, kwa kuwa zilikuwa zikitumia kinyume cha masharti njia iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Mwaka uliofuata jarida hilo likaripoti kisa cha Indiana: mshtakiwa alikuwa nje kwa dhamana, na programu hiyo ikawekwa kwenye simu za mkewe na watoto wake. Ripoti ikaonyesha simu moja imegusa tovuti ya ngono. Familia ikasema hakuna aliyeifungua. Dhamana ikafutwa, mtu akarudi jela. Masharti ya kampuni yenyewe yalikataza programu kutumiwa kwa mambo ya kisheria yaliyopangwa. Hayakumsaidia.

Atakayetetea jicho kubwa ana hoja moja yenye nguvu, na isipitwe haraka. Anayetaka kuacha saa nne asubuhi siye yuleyule wa saa saba usiku. Paulo analilia hilo katika sura ya saba ya Warumi: analotaka halitendi, na asilolitaka ndilo analolitenda. Ukimpa mtu huyo programu laini inayongoja aseme mwenyewe, usiku ataifuta, asubuhi hatasema lolote, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Hoja hiyo ni ya kweli, ila dawa yake inapatikana bila kupiga picha. Programu iliyojulikana kwa jina la Pluckeye inatumia kuchelewesha: mtu akitaka kulegeza kizuizi alichojiwekea, legezo halianzi mpaka muda aliouchagua yeye mwenyewe upite. Aliyeweka siku moja, ombi lake la saa saba usiku litatimia saa saba usiku wa kesho, na ana asubuhi nzima ya kulifuta. Yule wa mchana anamfunga yule wa usiku, na hakuna mtu wa tatu anayetazama.

Kuna pia yaliyotokea Akron, Ohio, Mei 1935. Bill Wilson, mlevi aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alisimama katika ukumbi wa hoteli ya Mayflower, biashara yake imeharibika, sauti za baa zikimfikia. Alikwenda kwenye simu ya hoteli, akaanza kuwapigia wachungaji wa mji akiomba aunganishwe na mlevi mwingine. Simu hizo zilimfikisha kwa daktari Bob Smith, na kutoka kwao wawili kikazaliwa chama cha Alcoholics Anonymous. Alipiga kabla ya kunywa. Programu za leo karibu zote humjulisha mwenza baada ya jambo kutokea, wakati kitufe kikubwa chenye jina la mwenza, kinachopokelewa hata usiku, kingefaa kuliko picha mia.

Kwa hiyo programu bora ingeona kidogo. Kupima kufanyike ndani ya simu na kuishie humo. Picha isitoke hata ikiwa na ukungu. Ikigundua jambo, imwambie mwenyewe kwanza na kumwachia siku moja akamwambie mwenzake kwa mdomo wake. Asipofanya hivyo, mwenza apate sentensi moja tu, kwamba wana jambo la kuzungumza, nayo isimbwe kiasi kwamba hata kampuni isiweze kuisoma. Ujumbe mfupi hivyo pia haumlii mtu kifurushi cha data. Agano liwe la pande mbili kila mara, na asiyekubali kutazamwa asipewe ripoti ya mtu. Na kampuni zikatae kwa vitendo mahakama, waajiri na viongozi wa dini wanaotaka ripoti za walio chini yao, kwa sababu ridhaa ya mtu anayeogopa kupoteza kazi au ushirika si ridhaa.

Wazazi na watoto ni kesi ngumu zaidi, maana mtoto wa miaka tisa analindwa, hafungi agano. Huyo awekewe kizuizi, bila ripoti. Kijana wa miaka 16 au 17 aonyeshwe kila kinachotumwa kwa baba yake kabla hakijatumwa.

Yuko pia mke, ambaye mara nyingi ndiye anayeteuliwa kuwa mwenza. Onyo linamkuta kazini, mbele ya wateja, na hana wa kumwambia. Maana akimwambia mama mkwe ameivunja sitara ya mumewe, na akinyamaza anaubeba mzigo peke yake. Huenda akafikia uamuzi kwamba mumewe ni mgonjwa. Uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022 unautambua ugonjwa wa kushindwa kudhibiti tabia za ngono, lakini unaeleza kwamba uchungu unaotokana tu na mtu kujihukumu kimaadili hautoshi kumfanya aitwe mgonjwa. Mke ana haki ya kuelezwa hayo siku anapokubali kuwa shahidi, na kuelezwa kwamba anaweza kukataa, mume akamtafuta mwanamume mwenzake. Ana haki pia ya kuchagua saa ya kupokea ujumbe: baada ya kazi, watoto wakiwa wamelala, na mume akiwa nyumbani wa kuulizwa.