Mpaka Uliowekwa na Watu Waweza Kuwa wa Kweli

Ukisimama Tunduma ukatazama Nakonde, huoni chochote ardhini kinachokuambia kwamba nchi moja imeishia hapa na nyingine inaanzia pale. Udongo ni uleule, na Wanyamwanga wako pande zote mbili. Mstari huu chanzo chake ni mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, wenyeji hawakuulizwa. Si ajabu basi mtu wa huku akiamini kwamba kila mpaka ni uamuzi mtupu, na kwamba wanajiolojia wanaoigawa miaka mamilioni katika enzi wanafanya yaleyale. Naona hoja hiyo inachanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali: kuamua na kubuni.

Tuutazame mpaka wa enzi mbili za kijiolojia, Eosini na Oligosini, wa miaka takribani milioni 34 iliyopita. Mwaka 1992 alama yake rasmi iliwekwa Massignano, Italia, katika matabaka ya chokaa, pale anapotoweka Hantkenina, kiumbe wa baharini wa seli moja mwenye gamba la miiba, dogo kuliko punje ya ulezi. Katika chokaa ngumu gamba hilo halichomoki. Jiwe hukatwa kipande, kikasagwa hadi unene wa milimita 0.03 hivi ili mwanga upenye, ndipo hadubini ionyeshe vyumba vyake vya ndani. Kilwa na Lindi, ambako mwanajiolojia Paul Pearson na wenzake walichoronga ardhi mwanzoni mwa miaka ya 2000, mfinyanzi uliyakinga magamba yasiharibiwe na maji. Huoshwa tu kwenye chekeche, nayo hutoka maangavu. Na huko nako Hantkenina anakoma, tena katikati ya mabadiliko ya kikemia yanayoonyesha bahari kupoa na barafu kujengeka Antaktika. Hakuna kikao kilichoweza kuuamuru udongo wa Kilwa ukubaliane na mwamba wa Italia.

Mtu atasema: lakini Hantkenina alichaguliwa. Ni kweli. Turborotalia fulani, viumbe wengine wa baharini wa seli moja, walitoweka makumi ya maelfu ya miaka kabla yake, na wangeweza kuchaguliwa wao. Kilichochaguliwa, hata hivyo, ni mahali pa kusimika bikoni. Nani alitangulia kutoweka halikupigiwa kura. Pingamizi zito zaidi linatoka hukuhuku Songwe. Chokaa ya bonde letu iliachwa na chemchemi za maji moto, haina kiumbe wa bahari hata mmoja. Mpaka wa baharini unatuhusu nini? Jibu limo katika bonde la Rukwa, lilikopatikana taya la Rukwapithecus, jamaa wa kale wa sokwe, lililotangazwa mwaka 2013. Umri wake ulipimwa kwa uraniamu iliyomo katika fuwele za majivu ya volkano: miaka takribani milioni 25, ndani ya Oligosini. Wanajiolojia wakiamua kesho kuusogeza mpaka, jina la enzi litabadilika, lakini Hantkenina atabaki ametoweka miaka milioni nyingi kabla ya mnyama huyo kuzaliwa.