KIJANA, HUKUZALIWA KWA BAHATI MBAYA!

Hata kama huwa huitikii "Amen", soma kwanza. Karatasi hii haikudai sadaka.

Kijana wa Mgwashi, nina swali. Unapokaa pale barabarani na bodaboda ukisubiri abiria ambao hawaji, au unapotazama mkeka wako umechanika kwa timu moja tu, je, hujiulizi: mimi nilizaliwa ili iweje?

Mimi nilijiuliza. Nilimaliza darasa la saba, jina langu halikutoka kati ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Mjomba akasema mbele ya wageni, "Huyu basi tena." Nikateremka Soni, nikateremka Mombo, nikapanda basi la Dar es Salaam. Kule niliuza maji baridi juani, nikabeba mizigo ya watu Kariakoo, tukalala watu sita chumba kimoja. Baada ya miaka miwili nikarudi. Nilipanga nifike usiku ili majirani wasinione na kimfuko changu. Mama akanifungulia, akanipashia viazi, hakuniuliza kitu. Usiku ule niliwaza mambo ambayo siyaandiki hapa. Kama wewe unayawaza leo, usilale nayo peke yako. MWAMBIE MTU kabla giza halijaingia!

Sasa nikupe habari ya mtu mmoja aliyepanda milima yetu hii zamani. Anaitwa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani. Alianza kazi Uhabeshi, akafukuzwa. Mwaka 1844 akaja Mombasa. Miezi michache tu, mke wake Rosina akafa kwa homa, na binti yao mchanga naye akafa. Jamani! Angefunga virago, nani angemlaumu? Lakini mwaka 1848 alitembea kwa miguu, akapanda Usambara mpaka Vuga, kwa mfalme Kimweri, kuomba ruhusa ya kuleta walimu wa Injili. Mfalme akampokea vizuri. Mwaka 1852 akapanda tena. Lakini kazi haikusimama. Mwenzake Erhardt alikwenda Vuga mwaka 1853, akakaa miezi michache, akaondoka. Krapf mwenyewe afya ikamshinda, akarudi kwao, akafa mwaka 1881. Huku milimani hakuacha kanisa hata moja.

Mjomba wangu angesema, "Huyu basi tena." Si ndiyo?

Lakini mwaka 1891, miaka kumi tangu afe, wamisionari wa Kilutheri wakafika Mlalo. Mwaka 1899 wakafika hapo Bumbuli. Hospitali unayokimbizwa ukianguka na pikipiki imetokana na kazi ile! Na kamusi ya Kiswahili aliyoihangaikia Krapf ilichapwa mwaka 1882, yeye yuko kaburini. Sisemi hao wengine walitumwa na yeye. Nasema Mungu hakuisahau milima hii, wala hakuyatupa machozi ya mtumishi wake. (Krapf hakuwa Mpentekoste, na hilo halininyimi usingizi.)

Mpendwa, soma Yeremia 1:5 na Zaburi 139. Utaona Mungu alikujua kabla mama yako hajajua ana mimba. Soma Waefeso 2:10, utaona kuna kazi njema aliyokwisha kukutayarishia. Hasemi ameiandaa kwa wenye vyeti tu. Lakini huwezi kuijua kazi ya bwana shamba usiyemjua mwenyewe. Ndiyo maana Yesu anakutaka wewe kwanza, mambo ya kazi baadaye.

Mimi nilipookoka kwenye mkutano, siku ya gulio, nikadhani kesho yake nitashika kipaza sauti. Mchungaji akanipa UFAGIO! Mwaka mzima nafagia, napanga mabenchi. Nilinung'unika sana, nisikufiche. Jumamosi moja akaingia kijana amelewa, akakaa, akaanza kulia. Mimi mahubiri sikuyajua. Nikaweka ufagio chini, nikamsimulia ule usiku wa viazi. Tulikaa mpaka jioni. Leo ana mke na shamba la kabichi, na pombe ameiacha. Basi ndipo nikaelewa kwamba hata usiku ule wa aibu Mungu alikuwa na matumizi nao.

Sikuahidi pikipiki mpya. Anayekuahidi hiyo mwulize vizuri. Mimi mwenyewe mpaka leo nalima karoti ili nipate nauli ya kwenda kuhubiri. Dhambi ndiyo inayokutenga na Mungu, wala si umaskini, na kwa ajili ya dhambi hiyo Yesu alikufa msalabani, akafufuka. Unaweza kumwita hapo hapo ulipo, hata shambani:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimeishi kama mtu asiye na mwenyewe. Nisamehe, unioshe kwa damu yako. Leo nakupa maisha yangu, na hayo niliyoyaharibu. Nionyeshe kazi yako, hata ikiwa ni ya ufagio. Amina."

Umeomba? Usiiweke karatasi mfukoni ukanyamaza. Njoo mbele ya jukwaa tuombe pamoja, au mtafute mwamini jirani yako. Na kama unaogopa watu watakuona, njoo usiku. Nikodemo alikwenda kwa Yesu usiku, na mimi nilirudi nyumbani usiku. Tutakufungulia.