Watoto Wanaotajwa Kuwa Walozi: Ushuhuda wa Jamaa Moja



Sisi ni jamaa moja ya parokia hii ya Lubumbashi, baba, mama na watoto wanne. Wazee wa kanisa wametuomba kuandika juu ya kazi tunayoifanya kila siku ya posho. Hatukutumwa na shirika, wala hakuna anayetulipa. Tunaenda kwa miguu katika nyumba ambamo mtoto ametajwa kuwa mlozi, tunakaa chini pamoja na wenye nyumba, na ikihitajika tunamlaza mtoto kwetu mpaka hasira itulie.

Lakini kwanza tuungame, kwa maana kazi hii haikuanza kwa wema wetu. Ndugu mkubwa wa baba alipofariki, mwanawe wa miaka nane alikuja kukaa nasi. Alikuwa akikojoa kitandani na kusema usingizini. Mwaka ule ule baba akapoteza kazi, na mtoto wetu mdogo akashikwa na malaria mara tatu. Jirani akatupeleka kwenye chumba kimoja cha maombi. Mtumishi wa pale hakuuliza hata jina la mtoto. Alifumba macho, akasema: huyu ndiye anayekula kazi yenu. Akaomba dola 50 za kumfungua, na mtoto afunge siku tatu bila chakula wala maji.

Tulilipa, ndugu. Tulikopa tukalipa, tukamwacha pale.

Usiku wa pili mama hakulala. Kila aliponyanyua kikombe cha maji alimkumbuka mtoto, akakiweka chini. Alfajiri tukaenda kumchukua. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na macho yamevimba kwa maji ya pilipili waliyomtia. Hakulia. Alituuliza neno moja tu, kama kazi ya baba imekwisha kurudi.

Tangu siku ile tulianza kusoma Maandiko kwa macho mengine. Soma Yeremia sura ya 7. Watu wa Yuda walijenga mahali pa juu katika bonde la mwana wa Hinomu, wakawachoma wana wao na binti zao wakidhani wanafanya ibada. Mungu anasema hakuwaagiza jambo hilo, hata halikuingia moyoni mwake. Wale hawakuwa wapagani wa mbali! Walikuwa watu waliojua njia ya hekalu. Na mfalme Yosia alipotaka kusafisha nchi hakuhubiri tu, alikwenda akapaharibu mahali pale, mtu asipitishe tena mtoto wake motoni.

Tunakumbuka pia mwaka 1921, wakati nabii Simon Kimbangu alipoanza kazi kule Nkamba. Aliwaagiza watu kuacha hirizi na sanamu zile ambazo Wakongo huziita minkisi, nao wakazitupa. Hakuwa peke yake. Mke wake Marie Muilu alikuwa naye, na wana wao watatu, mdogo akiwa na umri wa miaka mitatu. Mwaka ule ule alifungwa, akakaa gerezani miaka 30, akafia hapa hapa mjini kwetu, tarehe 12 Oktoba 1951. Kule nyumbani mama yule aliendelea kulichunga kundi kwa siri. Basi wazee wetu walizitupa sanamu za mti. Sisi wajukuu tumetafuta sanamu nyingine yenye miguu na macho, ndiyo mtoto. Ubaya wote wa nyumba tunamtwika yeye, halafu tunamfukuza nao.

Kwa nini mtoto? Zamani aliyetajwa mara nyingi alikuwa mzee. Watoto wameanza kutajwa kwa wingi tangu miaka ya 1990, na kila mwenye kumbukumbu anajua miaka ile ilikuwaje: uporaji wa 1991 na 1993, kisha vita. Hapa Katanga kazi za shaba zilianguka, na mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa kwa mara moja. Baba asiye na kazi hawezi kuushtaki mgodi. Anatazama nyumbani, anamwona yatima, au mtoto wa mke wa kwanza, au mwenye kifafa, au yule mkaidi anayejibu wakubwa. Mtoto wa namna hiyo hana wa kumtetea.

Watu hutuuliza, je, ninyi hamwamini kwamba ulozi upo? Ndugu, tukianza mabishano hayo tutamaliza mwezi, na mtoto atakuwa bado nje. Sisi tunauliza swali lingine: hata ukiamini hivyo, ni nani aliyekuruhusu kutia pilipili machoni mwa mtoto? Katika kanisa letu tunawaombea wagonjwa, wala hatutaacha. Lakini sala haina bei, na haimnyimi mtu maji. Wanafunzi walipomwona kipofu walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi. Yesu hakumtaja mtu yeyote. Alimponya.

Sheria nayo ipo. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu. Wengi hawajui, hata wachungaji. Hata hivyo tumejifunza kutoitanguliza sheria, maana ukiingia nayo mlango unafungwa. Tunaingia na kipande cha sabuni na unga kidogo wa bukari, tunauliza habari za mgonjwa.

Kule Katuba kulikuwa na msichana mwenye kifafa. Kambo yake alimlaza jikoni peke yake, na sahani yake haikuguswa na mtu. Tulikwenda mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mara ya sita kambo alikubali kwenda pamoja nasi kwenye kituo cha afya, akasikia kwa masikio yake muuguzi akisema kwamba ugonjwa huu hauambukizi kwa chakula wala kwa mate, na una dawa za kumeza kila siku. Alinyamaza njia yote ya kurudi. Leo wanalala chumba kimoja, na kambo mwenyewe ndiye anayehesabu vidonge.

Si kila nyumba inaishia hivyo. Kijana mmoja wa miaka 11 alilala kwetu wiki tatu. Baba yake alikuja mara moja, akasimama mlangoni, akasema mke wake hataki. Kijana alisikia. Kesho yake aliondoka, na sasa analala sokoni. Tunampelekea chakula, siku nyingine anapokea, siku nyingine anageuza uso. Baba yule ni mtu wa parokia yetu. Anaketi ng'ambo ya kwaya, nasi hupeana naye mkono wa amani kila siku ya Mungu.

Nyumba yetu ina vyumba viwili, na wiki hii tunao watoto watatu wa kulaza. Jamaa inayoweza kumpokea mmoja, hata kwa usiku mbili au tatu, izungumze na mama msimamizi wa idara ya wamama baada ya ibada. Mikeka ipo. Blanketi hazitoshi.