Umri wa mahari, umri wa mpira

Huku kwetu Kasoli, Usukumani, ukisema binti fulani ana kipaji cha mpira, wazee watakuuliza: huo mpira unaleta ng'ombe wangapi? Watu wa mjini hulicheka swali hili. Mimi naliheshimu. Mzee aliyelea mtoto kwa jembe la pamba ana haki ya kuuliza, nasi tunaopenda soka tuna deni la kumjibu.

Nimjibu kwa umri kwanza. Mtanzania Aisha Masaka alizaliwa 2003. Mwaka 2022 aliondoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden, akacheza Ligi ya Mabingwa ya wanawake Ulaya, na 2024 akasajiliwa na Brighton ya Uingereza. Mwenzake Clara Luvanga ni wa 2005. Mwaka 2023 alikwenda Hispania, na kabla mwaka haujaisha alikuwa Al-Nassr ya Saudi Arabia. Piga hesabu: wote wawili walivuka mipaka wakiwa na miaka kumi na minane au kumi na tisa. Kwetu Usukumani, binti wa umri huo wageni wameshapiga hodi kwao kuzungumzia mahari, na wengine hawakungoja afike huko. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliwaachia mlango kwa kuruhusu msichana wa miaka 15 aolewe mzazi akiridhia. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani akashinda 2016, na Mahakama ya Rufani ikasimama upande wake 2019. Lakini hukumu ya Dar es Salaam hufika kijijini kwa mwendo wa punda.

Na mguu haungoji. Anayeshinda jikoni na kisimani tangu darasa la saba hawezi kuokotwa na kocha akiwa na miaka ishirini na mitano, hata awe na kipaji gani.

Halafu kuna pamba. Msimu wa kuinunua hufunguliwa Mei, na michezo ya UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari, ambako kipaji cha kijijini huonekana, kwa kawaida hufanyika Juni. Yaani macho ya makocha yanafunguka wakati mikono ya binti inahitajika shambani. Nimewahi kuiona timu ya wasichana ikiondoka pungufu, wenzao wakiwa shambani wanachuma. Sikumlaumu mzazi yeyote. Bei ya pamba ikishuka, kila kilo ina maana.

Sasa ng'ombe. Mahari huingia zizini mara moja. Mchezaji wa kulipwa ana mkataba na mshahara wa kila mwezi, na haondoki kwenye ukoo. Opah Clement, nahodha wa Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, alitoka Simba Queens akafuata kazi Uturuki, Uchina, hadi Meksiko. Julai 2025, katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa wanawake huko Morocco, ndiye aliyefunga penalti dhidi ya Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika, mechi ikaisha 1-1. Twiga waliishia hatua ya makundi, sawa. Lakini kabla ya hapo walikuwa wamecheza fainali hizo mara moja tu, mwaka 2010, wakafungwa mechi zote tatu. Ligi Kuu ya Wanawake yenyewe ilianza msimu wa 2016/17. Kina Opah ni matunda ya mti mchanga sana.

Hata hivyo hoja ya mshahara inanikera kidogo, maana bado inampima binti mnadani. Tena wengi hawatafika Sweden wala Uarabuni. Goti likiumia, safari imekwisha. Kwa hiyo jibu ninalolitegemea zaidi ni dogo: UMISSETA ni ya wanafunzi. Binti anayetaka kuivaa jezi ya wilaya lazima awe amesajiliwa shule, awepo darasani, asiwe kwa mume. Akiupenda mpira kiasi cha kuukatalia uchumba hadi amalize kidato cha nne, basi mpira umeshamlipa kabla hajaiona pasi ya kusafiria.

Wazee wangu wa Kasoli, sina ombi kubwa. Juni ijayo, mwalimu wa michezo akija kumwomba binti kwa wiki mbili, mwacheni aende. Pamba tutamsaidia kuichuma.