Shubiri Moja ya Ardhi ya Jirani

Baba zangu, mama zangu, ndugu zangu wa Endiinzi, na wa Juru, Rubondo na Base Camp katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nanyi mliotoka Mbarara kuja kuwatazama jamaa zenu, maneno haya ni yenu.

Mvua zikikaribia, mashauri ya mipaka huongezeka. Watu wa huku mnajua inavyokuwa. Ardhi inalainika, majembe yanatoka, na mtu akilima ukingoni mwa ploti yake anavuka alama kwa mstari mmoja tu. Msimu wa Machi mstari mmoja wa maharage, msimu wa Septemba mwingine wa mahindi, na miaka michache ikipita mmea wa muyenzi uliokuwa ua wa mpakani unaonekana umesimama ndani ya shamba la mtu mmoja. Jirani akiuliza, anajibiwa kwa sauti ya juu: mpaka ni huu tangu tuletwe hapa, kama hutaki nenda kwa cheamani, mwenyekiti wa kijiji.

Tuuangalie huo muyenzi, maana wengi wetu ndio ua wetu. Unakata kijiti, unakichomeka ardhini, kinashika. Jua likichoma hadi mihogo ikanyauka, wenyewe bado kijani. Mbuzi hawautaki, na maziwa yake yakimwingia mtoto jichoni ni kilio cha usiku kucha. Hakuna ua wa bei nafuu kuliko huu. Lakini kwa sababu hiyohiyo hakuna mpaka ulio rahisi kuiba kuliko huu: kijiti kilichokatwa leo na kuchomekwa hatua moja upande wa jirani, mvua mbili tatu zikinyesha kimeshika, na anayepita hawezi kuapa kwamba hakikuwepo. Sayyidna Ali (R.A.) alipoulizwa Mtume Muhammad (S.A.W.) alimhusia nini, katika aliyoyataja, na Imamu Muslim ameyapokea, ni kwamba Mwenyezi Mungu amemlaani anayebadilisha alama za ardhi. Amewekwa katika orodha moja na anayemchinjia asiyekuwa Mwenyezi Mungu na anayewalaani wazazi wake. Sisi tunadhani ni ujanja wa shambani.

Na kiasi gani kinahesabiwa? Katika Hadithi aliyoipokea Said bin Zayd, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alitaja shubiri moja, yaani kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo. Anayeichukua kwa dhuluma atavishwa shingoni Siku ya Kiyama kutoka ardhi saba. Wengine wetu hapa tunazungumzia mita nzima.

Huyu Said bin Zayd ni mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo, na yeye mwenyewe alishitakiwa kwa kesi ya mpaka. Mwanamke aitwaye Arwa bint Uways alimpeleka kwa Marwan bin al-Hakam, gavana wa Madina, akidai kwamba Said amemega ardhi yake. Said akauliza angewezaje kufanya hivyo na yeye ndiye aliyeisikia ile Hadithi ya shubiri kwa Mtume. Marwan akasema hahitaji ushahidi mwingine. Kesi imeisha, Said ameshinda. Sasa tazameni alilofanya mshindi: aliwaambia watu wamwachie Arwa ile ardhi, akamwomba Mwenyezi Mungu aamue baina yao, kwamba kama mwanamke huyo amesema uongo basi apofuke na kaburi lake liwe humo humo. Wapokezi wanasimulia kwamba alipofuka, akawa anapapasa kuta, kisha akatumbukia katika kisima cha nyumbani kwake akafa. Watu hulipenda hilo la kisima. Mimi ninalolikazia macho ni lile la kwanza, kwamba mtu mwenye haki, aliyekwisha shinda mbele ya gavana, aliweza kuiacha ardhi.

Sisi tukishinda kwa cheamani tunafanya sherehe. Wengine wanapiga picha ile karatasi yenye muhuri na kuituma kwenye simu za jamaa wote. Ndugu zangu, muhuri hauhalalishi kitu. Bi Umm Salama (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaambia waliomjia na mashauri yao kuwa yeye ni binadamu, anahukumu kwa anavyosikia, na huenda mmoja wao ana ulimi mwepesi kuliko mwenzake, basi atakayepewa haki ya ndugu yake asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha Moto. Kama hukumu ya Mtume mwenyewe haimsafishi mwongo, ya mwenyekiti wa baraza la wakimbizi (RWC1) kambini au la kijiji (LC1) huko Endiinzi itamsafishaje? Na aya ya 188 ya Surat al-Baqara inakataza jambo hili hasa: kuzifikisha mali kwa mahakimu ili tule sehemu ya mali za watu na huku tunajua. Soda na elfu kumi anayopewa shahidi ili akumbuke mpaka vizuri zimo humo.

Katika Sunan Abi Dawud imo habari ya watu wawili waliogombania urithi wa zamani, hakuna mwenye ushahidi zaidi ya maneno yake. Waliposikia habari ya kipande cha Moto wote wawili walilia, kila mmoja akamwambia mwenzake chukua haki yangu. Mtume hakuwaacha waondoke na machozi tu. Aliwaambia wagawane, watafute haki kadiri wawezavyo, wapige kura, kisha kila mmoja amhalalishie mwenziwe. Kwa ploti ambazo aliyezipima ameshahama na karatasi zimeliwa na mchwa, huu ndio utaratibu, na hauna gharama.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Ardhi ya Nakivale si mali yetu. Makazi haya yalianza kwa ndugu zetu Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Baada ya 1994 wengi wao walirudi kwao, na wakaja wengine: Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Leo tumezidi watu 150,000, na tangu vita vya waasi wa M23 vilipowaka tena Rutshuru, Kongo, mwaka 2022, magari yamekuwa yakileta familia kutoka Kisoro. Kila wimbi likija, ploti zinapungua. Uganda ilitunga Sheria ya Wakimbizi mwaka 2006 na kanuni zake mwaka 2010, na kanuni hizo zinasema wazi: mkimbizi aliyepewa ardhi kambini anaitumia kwa kilimo na mifugo, lakini hana haki ya kuiuza wala kuikodisha.

Hilo ni sharti. Tulilikubali siku tuliyosimama mbele ya ofisi ya kamanda wa makazi na kuonyeshwa vigingi vyetu. Imamu Tirmidhi amepokea kwamba Waislamu wanafungwa na masharti waliyokubaliana, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Sharti la kutouza ardhi ya mwenye nchi halimo katika ubaguzi huo. Aya ya kwanza ya Surat al-Maida inaamrisha kutimiza mikataba, na haikusema mikataba na Waislamu wenzenu tu. Pamoja na hayo kila mtu hapa anajua jinsi ploti zinavyouzwa: karatasi ya daftari, mashahidi wawili, pesa mkononi, na mnunuzi anaambiwa asiseme. Kisha muuzaji anaondoka, jirani anadai hakuambiwa mpaka, ofisi inasema haimtambui mnunuzi, na aliyeuza ng'ombe zake anunue amebaki katikati. Hakim bin Hizam (R.A.) alipouliza kuhusu kuuza asichokuwa nacho, Mtume alimkataza. Anayepata dharura, na dharura zipo, aende ofisini aseme anahama, ploti ipewe mwingine. Njia hiyo haileti pesa, najua.

Na wenyeji wa Endiinzi na vijiji vinavyotuzunguka, msidhani mawaidha haya ni ya wakimbizi peke yao. Ng'ombe anayeachiwa kwa makusudi usiku aingie katika mahindi ya mkimbizi kwa kuwa "hii ilikuwa malisho ya babu yangu" anakula mali ya mtu. Kama babu ana haki, ina mahali pa kudaiwa. Mahindi ya mjane hayahusiki.

Nije kwa ndugu zetu wa Mbarara. Tangu mji wenu ulipopewa hadhi ya jiji mwaka 2020, mashamba ya migomba ya pembezoni yanakatwa ploti za futi hamsini kwa mia, na dalali anauza hadi ile sehemu iliyokuwa iwe njia. Mnunuzi wa kwanza anajenga ukuta mpakani, juu anapanda vipande vya chupa, na geti linafunguka kuelekea nje. Wa pili anajenga vivyo hivyo. Wa tatu, aliyenunua nyuma, anagundua kwamba nyumba yake haina mlango wa kutokea duniani. Jeneza litapita wapi? Abu Huraira (R.A.) amepokea kwamba watu wakigombana juu ya njia, basi iachwe dhiraa saba. Ni mita 3 na ushee: pikipiki inapita, gari dogo linapita, na jeneza na wachukuzi wake linapita. Miaka zaidi ya elfu moja na mia tatu kabla Uganda haijatunga sheria yake ya mipango miji ya 2010, kipimo cha njia kilikuwa kimeshatajwa Madina.

Na maji ya paa. Bati likimwaga maji yote upande wa jirani, ukuta wake wa tofali za udongo unaliwa chini taratibu mpaka siku ya mvua kubwa. Wapo pia wanaokataa mfereji usipite kwao hata kama hauwadhuru. Imamu Malik katika Muwatta anasimulia kwamba al-Dahhak bin Khalifa alitaka kupitisha mfereji katika ardhi ya Muhammad bin Maslama, naye akakataa, ijapokuwa yeye mwenyewe angepata maji wa kwanza na wa mwisho. Shauri lilipofika kwa Umar bin al-Khattab (R.A.), alimwamuru aruhusu. Bin Maslama akaapa hataruhusu. Umar akaapa kwamba utapita hata kama ni juu ya tumbo lake. Na Abu Huraira alipowasimulia watu kwamba jirani asimzuie jirani yake kuchomeka boriti katika ukuta wake, aliona nyuso zimegeuka, akawaambia atawatupia Hadithi hiyo katikati ya mabega yao. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wengi wamesema ni jambo la kupendekezwa, na Imamu Ahmad amelifanya wajibu. Hitilafu hiyo isikufurahishe sana wewe mwenye ukuta.

Uzio wenyewe si dhambi. Mtu ana haki ya kusitiri wake zake na watoto wake, na kuzuia mbuzi. Dhambi ni pale ua unapowekwa ili kumega, kuziba au kumkomoa mtu.

Abu Rafi, aliyekuwa mtumwa wa Mtume akaachwa huru, alikuwa na vyumba viwili ndani ya kiwanja cha Saad bin Abi Waqqas. Alipotaka kuuza alimwendea Saad kwanza. Saad akasema hatoi zaidi ya dirhamu 4,000, tena kwa awamu. Abu Rafi alikuwa ameshapewa ahadi ya dinari 500 na mtu mwingine, na hiyo ilikuwa bei kubwa zaidi. Akamuuzia Saad, kwa sababu alimsikia Mtume akisema jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake. Wafakihi wamekhitilafiana kama jirani asiye mshirika anaweza kudai haki hiyo mahakamani. Lakini ninyi mnaouza ploti Ruti na Biharwe, ni wangapi walimgongea mlango jirani kabla ya kumpigia simu dalali?

Wengi wa majirani zetu si Waislamu. Abdullah bin Amr (R.A.) alipochinjiwa kondoo aliuliza mara baada ya mara kama jirani yao Myahudi amepelekewa nyama, kwa sababu ya vile Jibril alivyomhusia Mtume juu ya jirani. Mkristo aliyedhulumiwa hatua moja ya shamba na mtu mwenye kofia ya kiua hasemi amedhulumiwa na mtu huyo. Anasema Waislamu.

Basi kabla mvua hazijashika, kila mmoja amwite jirani yake waukanyage mpaka pamoja, na mtu mmoja wa kila upande ashuhudie. Palipo na shaka chimbeni, mizizi ya muyenzi wa zamani huonekana. Aliyevuka arudi. Mtu ataniuliza: nimeshapanda maharage humo, yanatoa maua, nifanyeje? Katika Hadithi ya Rafi bin Khadij, anayelima katika ardhi ya watu bila idhini yao hapati mazao, anarudishiwa gharama zake. Wengine katika wanazuoni wamesema mazao ni ya mwenye mbegu naye alipe kodi ya ardhi. Kaa na jirani yako mchague moja katika hayo mawili mkiwa mmeridhiana, ila kuvuna usiku na kunyamaza hakumo.

Na kuna swali gumu zaidi, la aliyemmegea jirani ambaye sasa amerudi Burundi au amepelekwa Marekani. Ploti imeingia familia nyingine, kutoka Rutshuru, hawajui lolote. Hao ndio wenye mpaka huo sasa, warudishiwe wao, na cheamani aambiwe ili aandike. Ama dhuluma ya ile misimu iliyopita bado ni deni la yule aliyeondoka. Namba yake ipo kwa mtu fulani kijijini. Mtumie ujumbe wa sauti, umtajie mistari uliyolima na miaka, umuulize anadai nini.