Sina Amani na Hii Nyumba

Somo: Walawi 14:33–48, Matendo 5:1–4, Matendo 16:6–10, 2 Samweli 24:15–25



Kazi yangu ni kuonyesha watu nyumba na ploti huku Kitengela na Isinya, huu ni mwaka wa 14. Wengine hutuita mabroka, na najua jina hilo halina utamu masikioni mwa watu, lakini ndiyo kazi iliyosomesha watoto wangu. Katika miaka hiyo nimesikia sababu za kukataa nyumba ambazo zingejaza daftari. Mzee mmoja alikataa nyumba kwa sababu mlango wa choo unatazamana na mlango wa mbele. Ati baraka zikiingia sebuleni zitapitiliza moja kwa moja mpaka chooni. Mama mmoja aliona bundi juu ya tangi la maji, na hakushuka hata kwenye gari. Mwingine alihesabu ngazi akapata 13. Kuna aliyekataa kwa sababu geti ni jeusi, na geti, jameni, ni kazi ya asubuhi moja na mikebe miwili ya rangi. Kuna dada aliyependa kila kitu, mpaka jikoni alishapima mahali pa friji. Halafu akauliza wenye nyumba wanahama kwa nini. Alipoambiwa wameachana, alinirudishia funguo kama zimemchoma mkono.

Sisemi haya ili tuwacheke. Mtu anayenunua nyumba anaweka hapo akiba ya miaka ishirini, na mwenye hofu ya namna hiyo huona ishara kila mahali. Tena pesa ni zake. Hakuna amri inayosema lazima uwe na sababu nzuri ya kukataa nyumba ya mtu. Ukichukia bati la kijani, chukia kwa amani, utafute la rangi ya udongo.

Linalonisumbua ni sababu nyingine, ambayo si ya ajabu hata kidogo kwetu, kwa sababu tumeizoea. Simu inaingia Jumatatu asubuhi. "Ndugu, tumeomba juu ya hii nyumba, na Roho hajatupa amani." Basi. Hapo mazungumzo yamekwisha. Bei unaweza kuijadili, ufa kwenye ukuta unaweza kumwita fundi auangalie, lakini nani atabishana na Roho Mtakatifu? Nimesikia maneno hayo mara nyingi kuliko nilivyosikia "hatuna pesa." Na huwa najiuliza, kwa wingi huo wote, ni wangapi kweli walikatazwa na Bwana, na ni wangapi walinyimwa mkopo na benki wakaona haya kusema.

Tunamkumbuka Anania kama mtu aliyemnyima Mungu pesa. Someni tena Matendo 5:4. Petro anamwambia wazi kwamba shamba lilikuwa lake kabla hajaliuza, na hata baada ya kuliuza pesa zilikuwa mikononi mwake. Angeweza kutoa nusu, angeweza kutoa robo, angeweza kutotoa kabisa. Habari yake ni habari ya ardhi na bei, na kilichomwangusha ni kumwambia Roho Mtakatifu jambo lisilo kweli kuhusu hiyo bei. Kukataa nyumba ni haki yako. Kumtwika Roho sababu ambayo si yake ni jambo lingine, na Kutoka 20:7 inatuonya juu ya kulitaja jina lake bure.

Mtu atasema huo ni uongo mdogo wa adabu, haumuumizi mtu. Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Kuna mama mjane ambaye nimekuwa nikimsaidia kuuza nyumba, sitasema mtaa. Mume wake alikufa ndani ya nyumba hiyo, kitandani kwake, baada ya kuugua kisukari kwa muda mrefu. Hakuna aliyeuawa. Hakuna aliyejinyonga. Mtu mgonjwa alilala akafa, kama walivyokufa babu zetu wengi kabla ya sisi kuzoea kufia wodini. Nyumba ni ya vyumba vitatu, ploti ni ya hamsini kwa mia, hati iko safi kwa jina lake. Mama anauza kwa sababu ya deni la matibabu na mtoto aliye chuoni. Alianza na milioni 8.5. Leo anataka 6.2.

Nimepeleka watu 11 pale. Huwa wanaipenda mpaka wazungumze na askari wa geti au jirani. Wakisikia mzee alifia chumba cha nyuma, nyuso zinabadilika, na Jumatatu napata simu ileile. Wengi wao ni watu wa kanisa, wa makanisa kama letu. Na maneno hayo hayabaki kwenye simu. Mtu akisema Roho amemkataza, jirani husikia kwamba "pale kuna kitu." Watoto wa mtaani wakaanza kupita mbio mbele ya geti lile jioni. Mwezi wa tano mama aliniuliza kwa sauti ya chini kama kweli kuna kitu ndani ya nyumba yake. Amelala humo miaka tisa. Siku hizi analala kwenye kochi sebuleni.

Mmoja wa wale waliokosa amani kwa milioni nane alinipigia miezi mitano baadaye kuuliza kama mama anaweza kukubali nne. Nikamuuliza, "Ndugu, na ile amani?" Akasema ameendelea kuomba. Mimi sijasoma theolojia, lakini amani inayokuja bei ikishuka nusu, huku sokoni tuna jina lake.

Sasa, je, Biblia inasema nyumba inaweza kuwa na shida? Inasema. Walawi 14 inazungumzia pigo la ukoma ndani ya nyumba, na ni moja ya sura tunazozipita haraka tukitafuta Zaburi. Angalieni utaratibu wake. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayekwenda kwa kuhani kusema ameona kitu. Kuhani, kabla hajaingia, anaamuru vyombo vyote vitolewe nje, ili visije vikahesabiwa najisi pamoja na nyumba. Yaani hata kabla ya ukaguzi, torati inafikiria hasara ya mwenye nyumba! Kisha kuhani anatazama kuta kwa macho yake, kama kuna alama za kijani au nyekundu zilizoingia ndani ya ukuta. Haamui siku hiyo. Anafunga nyumba siku saba na kurudi. Yakionekana mabaya, mawe yaliyoharibika yanatolewa, ukuta unakwaruzwa, unapigwa plasta upya. Ikirudia tena baada ya hayo, inabomolewa. Isiporudia, kuhani anatangaza kuwa nyumba ni safi, na mtu anaendelea kuishi.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa katika nyumba yenye unyevunyevu atatambua hapo kitu anachokijua. Lakini mimi linalonigusa ni lile tangazo la mwisho. Nyumba iliyoshukiwa ilikuwa na siku ya kusafishwa jina. Hata kifo chenyewe, Hesabu 19:14 inasema mtu akifa hemani, waliomo ni najisi kwa siku saba. Wiki moja. Sisi tuliokombolewa kwa damu ya Yesu tumempa huyu mama miaka.

Najua kuna mpendwa ambaye tayari anauliza, kwani huyu haamini Roho husema? Naamini. Sisi ni Wapentekoste, na siku nitakapoacha kuamini hivyo sitakuwa na kazi ya kuandika humu. Paulo alikatazwa na Roho kulihubiri neno katika Asia, ndiyo ile jimbo la Warumi, si bara zima. Alipotaka kwenda Bithinia akazuiwa tena. Iko wazi katika Matendo 16. Lakini angalieni Luka hakuandika kwamba Asia ilikuwa na laana. Hakuandika kwamba pale kuna kitu. Katazo lilihusu njia ya Paulo siku ile, halikuwa hukumu juu ya Asia. Fungueni Matendo 19:10 mwone: Paulo yuleyule anakaa Efeso miaka miwili, mpaka wote wakaao Asia wakalisikia neno la Bwana. Kama angekuwa ameshatangaza njiani kwamba Asia ni mahali pachafu, angerudi na uso gani?

Tena aliyeongozwa hivyo ndiye aliyelipa gharama ya kuongozwa. Alivuka kwenda Makedonia na huko Filipi akapigwa na kufungwa gerezani.

Namjua dada mmoja aliyekataa nyumba ambayo mimi mwenyewe niliiona nzuri. Alikuwa ametoa shilingi 50,000 za kushikilia, na makubaliano yalisema akijitoa hazirudi. Aliniambia, "Mimi sitaichukua. Siwezi kukueleza. Nyumba yao ni nzuri, na uwaambie hivyo." Hakudai pesa. Hakumwambia jirani lolote. Kwa kawaida ushuhuda wa namna hii humalizika kwa nyumba kuanguka au mwizi kuingia. Hapana. Nyumba ile imesimama, na familia nyingine inaishi humo vizuri, watoto wao huimba kwaya. Naamini kabisa yule dada aliongozwa.

Kuna sababu nyingine inayovaa nguo hiyohiyo ya kukosa amani, na ni aibu kuitaja kanisani, lakini iko. Mtu anauliza, "Majirani ni watu gani?" Hataki kujua kama wanapiga muziki usiku. Anataka kujua majina yao ya ukoo. Kwa waliofukuzwa makwao mwaka wa 2008 naelewa. Hofu yao ina kovu, na sitaiita ubaguzi. Lakini hata hiyo tuiite hofu, tuipeleke kwa Bwana kwa jina lake. Ikiitwa sauti ya Roho, haitaponywa, kwa sababu hakuna anayeombewa apone sauti ya Roho.

Na huku tunaogopa bundi, tunaacha kuuliza ya maana. Nyumba zilibomolewa Syokimau Novemba 2011, zikabomolewa tena nyingine Mavoko Oktoba 2023 kwenye ardhi ya kiwanda cha saruji, na watu walikuwa na karatasi walizoziamini. Sisemi hawakuomba. Nasema tu kwamba wateja watatu kati ya kumi ninaowapeleka huniuliza nani alikufa ndani, na ni nadra mmoja kuuliza msajili wa ardhi anasemaje kabla sijamwambia mimi. Yeremia, aliyeambiwa na Bwana mwenyewe anunue shamba la Anathothi, bado alipima fedha kwa mizani, akaandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi, na akaagiza ihifadhiwe katika chombo cha udongo. Na alikuwa amefungwa, mji umezingirwa! Neno la Bwana halikumwondolea kazi ya karatasi.

Wale wanaosema hawawezi kulala mahali palipofiwa, nawapeleka kwa Arauna Myebusi. Tauni iliua watu 70,000 katika Israeli, na malaika aliyekuwa akiwapiga alisimama kwenye uwanja wa Arauna wa kupuria nafaka. Kama kuna mahali ambapo jirani angesema "pale kuna kitu," ni pale. Daudi akapanda kwenda kununua. Arauna alitaka kumpa bure, na Daudi akakataa. Alilipa shekeli 50 za fedha, akisema hatamtolea Mungu sadaka isiyomgharimu. Hakusubiri bei ishuke kwa sababu ya sifa mbaya ya mahali. Na 2 Nyakati 3:1 inatuambia kilichojengwa hapo baadaye ni nini: Hekalu.

Mwezi uliopita nilipeleka mume na mke kwa yule mama, wote walimu. Niliwaambia mimi mwenyewe kwenye gari kuhusu mzee, kwa sababu nimechoka na askari wa geti kuwa nabii. Mke akasema, "Pole kwake," kisha akauliza maji ya kaunti huja siku ngapi kwa wiki. Walipofika chumba cha nyuma mume aliona doa ukutani chini ya dirisha, akalikwaruza kwa ufunguo, akanusa vidole, akasema mfereji wa bati unavuja. Walikaa karibu saa mbili. Jioni mke alimpigia mama mwenyewe, hakupitia kwangu, akamwambia nyumba wameipenda lakini pesa zao zinaishia milioni tano na nusu, na mkopo wa kuongeza hawataki kuuchukua. Mama alinisimulia hayo kesho yake. Alikuwa ameshamwita fundi wa mfereji, na alikuwa akitaka kujua ni rangi gani nzuri ya kupaka chumba cha nyuma.